Kompyuta Hubashirije Filamu Itakayompendeza Mtazamaji?

Ghala la filamu likiwa na maelfu ya filamu, mtazamaji hawezi kuzipitia zote. Yafaa apendekezewe chache. Kampuni ya Netflix ya Marekani, iliyokuwa ikikodisha filamu kwa posta, iliwaomba wateja wake waipe kila filamu alama kuanzia nyota 1 hadi 5. Kutokana na alama hizo kompyuta ilibashiri alama ambazo bado hazijatolewa.

Kanuni yenyewe si ngumu. Ikiwa Asha na Juma wamezipa filamu nyingi alama zinazokaribiana, na Asha ameipa filamu nyingine nyota 5, yaelekea Juma naye ataipenda. Ugumu umo katika uchache wa habari. Mwezi wa Oktoba 2006 kampuni hiyo iliahidi dola 1,000,000 kwa atakayepunguza makosa ya programu yake kwa asilimia 10. Washindani walipewa alama zaidi ya milioni 100, za watazamaji 480,189 na filamu 17,770. Jedwali la ukubwa huo lina visanduku zaidi ya bilioni 8.5, kwa hiyo katika kila visanduku 100, karibu 99 vilikuwa vitupu.

Makosa yalipimwa hivi: kila kosa hupigwa mraba, wastani wa miraba hutafutwa, kisha hutolewa kipeuo cha pili. Makosa ya nyota 1 na 1 huleta 1. Makosa ya 0 na 2, ingawa wastani wake wa kawaida ni ule ule, huleta 1.41. Kipimo hiki, basi, huliadhibu zaidi kosa kubwa.

Programu ya kampuni ilikuwa na kosa la 0.9525. Mwaka 2009 kundi la BellKor's Pragmatic Chaos lilishinda kwa 0.8567, kwa kuunganisha mamia ya mbinu. Hata hivyo, muungano huo mzima haukutumiwa: faida yake haikulingana na kazi ya kuutekeleza. Isitoshe, tangu 2007 filamu zilikuwa zikipelekwa kwa intaneti, na kampuni iliweza kuona kile mtu anachokitazama hasa na kile anachokiacha katikati. Mwaka 2017 nyota ziliondolewa, zikawekwa alama za kidole gumba.

Kulikuwa na funzo zito zaidi. Majina ya wateja yalikuwa yamefutwa katika jedwali lile. Lakini Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov, wa Chuo Kikuu cha Texas, walionyesha kwamba anayejua alama chache za mtu, pamoja na tarehe zake kwa kukadiria, aweza kuitambua safu yake nzima. Mwaka 2010 shindano la pili lilifutwa. Kufuta jina si kuficha mtu, kwani mkusanyiko wa mapendeleo nao humtambulisha mwenyewe.

Zoezi
1. Hakikisha kwamba kundi lililoshinda lilivuka asilimia 10.
2. Mtazamaji mpya hajatoa alama yoyote. Kompyuta impendekezee nini, na kwa sababu gani?