Dondoo muhimu: Unda folda nyingi kwa mkupuo

Kwenye kompyuta ya Windows, mwalimu au karani anaweza kuunda folda mia moja kwa dakika chache.

1. Chora mpangilio kwenye karatasi kwanza. Ngazi tatu zinatosha.
2. Fungua Notepad, uandike kila folda kwenye mstari wake kwa amri ya md (ya kuunda folda), mfano: md "Kidato 1\Hisabati".
3. Usisahau alama za kunukuu. Bila hizo, jina lenye nafasi huzaa folda mbili.
4. Epuka / : * ? kwenye majina, tarehe iwe 2025-03-14, si 14/3/2025.
5. Namba zianze na 01 ili 10 isitangulie 2 kwenye programu zinazopanga majina kialfabeti.
6. Hifadhi faili ndani ya folda tupu, likiishia na .bat, si .txt.
7. Libofye mara mbili. Jaribu mistari miwili kabla ya orodha nzima.