Somo: Televisheni ya Chogo Bado Ina Kazi



Kamati za huku Maganzo hutuuliza kama televisheni ya chogo iliyomo ukumbini itupwe. Wapo wanaotaka kuchangisha fedha za ile bapa. Tunashauri wasubiri kidogo.

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na jirani zetu wa Mwanza wakafuata mwaka 2013. Kilichobadilika ni mawimbi yanayorushwa. Kioo na spika ni vilevile. King'amuzi huyapokea mawimbi mapya na kuyageuza yawe picha ambayo chogo inaielewa.

Geuzeni televisheni mtazame nyuma. Mkikuta matundu ya rangi, njano la picha, jeupe na jekundu ya sauti, hakuna shida: chomekeni waya, wekeni AV, na chaneli mtabadilisha kwa rimoti ya king'amuzi. Yenye tundu la antena peke yake inahitaji king'amuzi kinachotoa picha kwa waya wa antena, au deki ya zamani ya video ikae katikati. Ulizeni kabla ya kulipa, maana ving'amuzi vingine hutoa picha kwa HDMI tu, na chogo haina tundu hilo. Watu wakionekana wamerefuka kama milingoti, chagueni 4:3 kwenye menyu.

Wafadhili wetu, tafadhali msitume ving'amuzi vilivyotumika Ulaya. Hapa mitambo ya ardhini hutumia DVB-T2, na vingi vya zamani vya huko ni vya DVB-T ya kwanza. Hata kile kinachopokea hakitafungua chaneli za kulipia bila kadi ya kampuni ya hapa. Fedha hiyo inunue kimoja Shinyanga mjini.

Mafunzo ya DVD hayahitaji king'amuzi kabisa. Somo la hatari za zebaki kwa wachimbaji wa dhahabu wa Geita huchezwa kwa deki na chogo tu.

Kigango kinachotegemea sola ni jambo jingine. Chogo ya inchi 21 inaweza kula wati 60 au zaidi, na betri itaisha kabla ya kipindi. Hapo, kweli, changisheni fedha za bapa ndogo ya LED.

Iliyokufa msiwaachie vijana waipasue kutafuta shaba ya kuuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Umeme mkali hubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya, na kioo chake kina madini ya risasi.