SOMO LA LEO: Zawadi ya kupumzika inauzwa mara mbili

Leo tunaongelea bidhaa ambazo mmeniulizia sana: vifaa vya kujichua mwenyewe na maboksi ya zawadi ya kupumzika. Yaani rola ya miguu, mpira wa kuchulia mgongo, kile kidude cha waya cha kukuna kichwa, mashine ndogo ya masaji ya kuchaji, mafuta ya kuchulia na chumvi ya kulowekea miguu.

Mimi nauza huku Itetemia, Tabora, na oda zangu nyingi zinakuja kwa simu. Swali linalorudi kila wiki ni hili: "Nikiposti watu wanasifia lakini hawanunui. Akinunua mmoja, harudi tena. Tatizo nini?"

Jibu langu ni kwamba kwenye zawadi mnunuzi na mtumiaji ni watu wawili. Binti yuko Dodoma ndiye analipa. Mama yuko Sikonge ndiye anafungua boksi. Ukimshawishi binti tu, umeuza mara moja. Mama akifungua, akaona kijiti cha mbao chenye mistari na hajui ni cha nini, kesho watoto wanakichezea uani. Binti akipiga simu kuuliza "mama, ulipenda?", mama atajibu "asante mwanangu" kwa adabu, na wewe umeishia hapo. Lakini mama akisema "mwanangu, jana nimelala miguu myepesi", huyo binti atakuletea wenzake watatu.

Kwa hiyo kazi yako ni kuuza mara mbili. Twende hatua kwa hatua.

1. TUMIA MANENO AMBAYO WATU WANAYO TAYARI

Kuna wauzaji wanajaza tangazo maneno ya kizungu mpaka mteja anaona kitu ni cha watu wa mjini, hakimhusu. Wakati sisi mambo haya tunayajua zamani. Nani hajawahi kumchua mzazi wake miguu jioni? Nani hajasikia mzazi aliyejifungua anakandwa na maji ya moto? Pwani huko wana singo, bibi harusi anasuguliwa mwili mpaka anang'aa. Kuchua, kukanda, kusugua, kuloweka miguu: hayo ndiyo maneno yako ya kuuzia.

Linganisha matangazo haya mawili.

La kwanza: "Rola ya kisasa, inatibu presha, mgongo, miguu na kutoa sumu mwilini!!! 18,000 tu, wahi!!!"

La pili: "Mama anasimama sokoni kutwa nzima? Mnunulie dakika kumi za kupumzisha miguu. Rola ya mbao ya mninga, chumvi ya kulowekea na mafuta ya nta ya nyuki, ndani kuna kadi ya maelekezo. 18,000."

La pili limemtaja mtu, limetaja uchovu wake, limesema ndani kuna nini. Mnunuzi anamuona mama yake hapo. Ukiuza kwa walimu, sema juu ya kusimama darasani. Kwa fundi cherehani, sema mabega na shingo. Kwa bodaboda, sema kiuno. Ukiwaandikia wote kwa mpigo, hakuna atakayejiona.

2. USIUZE TIBA

Hapa naomba tuelewane vizuri. Kuchua kunalegeza misuli iliyokaza, kunampa mtu utulivu, na wengi wanalala vizuri baada ya hapo. Hiyo inatosha kuuza. Rola haitibu presha. Chumvi ya miguu haivuti sumu. Kinachomlegeza mtu ni maji ya uvuguvugu na kule kukaa chini akatulia.

Ukianza kuandika "inatibu", umeingia eneo la dawa na vifaa tiba, na hilo lina mwenyewe, TMDA. Lakini usiogope sheria tu, ogopa na madhara. Mwaka huu dada mmoja kutoka Urambo alinitumia sauti WhatsApp, anataka boksi la miguu kwa ajili ya baba yake. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote: "Mzee ana shida yoyote ya miguu?" Akasema mzee ana sukari, miguu ina ganzi, ndiyo maana anataka imsaidie.

Sikumuuzia. Mtu wa sukari mwenye ganzi hasikii maji yana moto kiasi gani. Anaweza kuungua na asijue, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari kinaweza kuishia mguu kukatwa. Nilimwambia ampeleke mzee kliniki wakamwangalie miguu. Nilikosa 18,000 siku ile, na nilikuwa naihitaji. Ila fikiria ningeipokea, halafu mzee akaungua na maji ya boksi langu.

Kwa hiyo kabla ya kupokea hela uliza, na uwe na orodha hii kwenye simu yako. Mtu asijichue bila kuongea na mhudumu wa afya kama:
- ana sukari na miguu ina ganzi au kidonda
- mguu mmoja umevimba, una joto na unauma (inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, na kuchua kunaweza kuisogeza)
- ana jeraha bichi, mfupa uliovunjika au homa
- ni mjamzito

Ukisema ukweli huu hadharani hupotezi wateja. Wanaona huyu muuzaji anajua anachouza.

3. TENGENEZA BOKSI LENYE KWAO

Rola za plastiki kutoka Kariakoo kila mtu anazo, na mkishindana bei wote mnaumia. Sisi wa Tabora tuna vitu ambavyo mwenzetu wa Dar hana kirahisi. Mimi boksi langu nalipanga hivi:

Rola ya miguu. Mpe kazi fundi anayekereza mbao. Mninga unafaa, ni mgumu na una rangi nzuri. Hakikisha amepiga msasa vizuri. Pitisha kitambaa laini juu yake, kikikwama popote, rudisha.

Mafuta ya nta. Tabora ni nchi ya nyuki, nta ipo. Kipimo cha kawaida ni nta sehemu 1 kwa mafuta sehemu 4. Yaani gramu 100 za nta na gramu 400 za mafuta, unapata vikopo 10 vya gramu 50. Joto la Septemba na Oktoba likifika, ongeza nta: gramu 125 kwa mafuta gramu 375, yasilegee kama uji. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, na inashika moto, kwa hiyo usiiweke juu ya jiko moja kwa moja. Weka bakuli ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu.

Angalizo: mafuta ya kupaka ya kuuza ni vipodozi, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Anzia ofisi ya SIDO ya mkoa, waulize juu ya barua ya utambulisho ya kwenda TBS. Kama bado hujafika huko, nunua mafuta yaliyopikwa na mtu mwenye alama ya ubora, wewe upange boksi tu.

Chumvi ya Uvinza. Jirani zetu wa Kigoma wanatengeneza chumvi kutoka maji ya chemchemi pale Uvinza, na kazi hiyo ina zaidi ya miaka 1,000. Vijiko viwili vitatu kwenye beseni vinatosha.

Mfuko wa kitenge. Badala ya boksi la karatasi linalotupwa, mpe fundi cherehani ashone mfuko wa kamba. Mama ataufanya wa kuwekea vitu vingine na jina lako linabaki nyumbani kwake.

Kama unauza na vitu vya Kariakoo, sawa, ila viite kwa jina lao. Rola ya uso ya jiwe usiiite jade halisi kama huna uhakika. Mashine ya kuchaji, iwashe na urekodi video mbele ya kifurushi cha mteja kabla ya kufunga. Ikifika imekufa, mna pa kuanzia mazungumzo.

4. HADITHI IWE YA KWELI

Nyuma ya kadi yangu kuna maneno machache juu ya wapagazi wa Kinyamwezi. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo kati ya hapa na Bagamoyo ilikwenda kwa mabega ya watu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32, na safari ilichukua kama miezi mitatu. Tabora palikuwa mahali pa kutua mzigo. Kwa mtu anayepokea rola ya mbao kutoka mji huo, maneno hayo yanamgusa.

Lakini angalia. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa. Usichore minyororo wala usiite boksi lako "la msafara wa mtumwa" ili upate macho ya watu. Taja kazi na mapumziko ya wapagazi, basi.

5. KADI NDIYO MUUZAJI WAKO WA PILI

Hii ndiyo inayokufanya uuze kwa anayefungua. Karatasi ndogo, herufi kubwa, maana wazee wengi hawana miwani karibu. Yangu inasema hivi:

"Shikamoo mama. Zawadi hii ni ya miguu yako.
Loweka miguu dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu. Pima maji kwa kiwiko kwanza.
Kausha. Paka mafuta kidogo. Jaribu kwanza kidogo mkononi, ukiona muwasho usipake.
Futa nyayo zisiteleze. Kaa kwenye kiti, weka rola chini, isukume kwa unyayo kutoka kisigino hadi vidole. Dakika 2 kila mguu. Usisimame juu yake.
Kama inauma mpaka unabana pumzi, punguza nguvu.
Ukiwa na sukari, uvimbe au kidonda, usitumie kabla ya kumuuliza daktari."

Kwa mpira wa mgongo: simama umeegemea ukuta, mpira uwe pembeni ya uti wa mgongo, kamwe usiwe juu ya uti wenyewe. Kwa mashine ya kuchaji: usiiweke kwenye mifupa wala mbele ya shingo.

Asiyesoma mtumie sauti. Mimi nina sauti ya dakika moja kwa Kiswahili na nyingine kwa Kinyamwezi, kazi yangu ni kuisambaza tu.

6. HESABU KABLA YA PUNGUZO

Tuchukue mfano, bei za kwako weka mwenyewe:
Rola 5,000
Mafuta 2,000
Chumvi 500
Mfuko 1,500
Kadi na stika 500
Bando, nauli ya kufuata vitu na vinavyoharibika 1,500
Jumla 11,000

Ukiuza 18,000 unabaki na 7,000. Mteja akilia mpaka 15,000, unabaki na 4,000. Umempunguzia 3,000 lakini faida yako imeondoka zaidi ya theluthi moja. Ukimlipia na usafiri wa basi 3,000, umebaki na 1,000. Hiyo ni kazi ya bure bwana.

Badala ya kushusha bei, toa boksi dogo: rola na kadi bila mafuta wala mfuko. Mwenye hela ndogo anapata chake na wewe hujaumia.

7. MZIGO UFIKE SALAMA

Buti la basi mchana lina joto, mafuta ya nta yanaweza kuyeyuka. Zungushia mfuniko solotepu, kikopo kikae wima, chumvi iwe mbali nacho. Piga picha ya kifurushi na risiti ya basi, mtumie mnunuzi. Halafu siku ya tatu baada ya kufika, muulize mnunuzi swali moja tu: "Mama ametumia?" Usiulize kama amependa. Kama hajatumia, tuma ile sauti. Hapo ndipo mauzo ya pili yanapotokea.

8. TAREHE ZA KUWEKA KWENYE DAFTARI

8 Machi Siku ya Wanawake. 12 Mei Siku ya Wauguzi, na Jumapili ya pili ya Mei Siku ya Mama. 5 Oktoba Siku ya Walimu. Ongeza Idi, Krismasi, na send-off za mtaani kwako. Anza kutangaza wiki tatu kabla, maana fundi wa rola hakereziwi haraka na wewe peke yako.

KAZI YA NYUMBANI

Chukua bidhaa moja unayouza sasa hivi. Mpe mtu mzima wa nyumbani kwako ambaye hajawahi kuiona, bila kumwambia kitu, na kadi yako mkononi. Kaa pembeni umwangalie. Kila anapokwama, hapo kadi yako ina kasoro. Irekebishe, mpe mwingine. Akiweza peke yake, ndiyo uposti.

Matokeo niandikieni hapo chini, na kadi zenu nitazipitia. Mzigo mwema wote.