Bima Kubwa Si Kinga ya Kila Kitu

Wanachuo kadhaa siku hizi wanashika usukani wa gari la mjomba au shangazi, na jioni wanabeba abiria wa kuitwa kwa simu ili kuongezea bumu. Ukiwauliza kuhusu ajali, jibu ni: "Gari lina bima kubwa, sina wasi." Hebu tuliangalie jibu hilo.

Hapa Tanzania, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha bima ya kuwalinda watu wengine. Ndiyo bima ndogo: uliyemgonga analipwa, gari lako utajijua. Bima kubwa inaongeza gari lenyewe: ajali, moto na wizi.

Lakini ina masharti. Kwanza, sehemu ya mwanzo ya hasara unaibeba wewe. Mkataba ukisema laki 5 na matengenezo ni milioni 2, kampuni inatoa milioni 1.5. Pili, gari likiharibika kabisa, kwa kawaida huangaliwa bei ya soko ya siku ile, siyo bei lililonunuliwa.

Tatu, na hapa ndipo watu wananaswa, ni matumizi. Gari lenye bima ya matumizi binafsi likipata ajali na abiria wa kulipia ndani, kampuni inaweza kukataa kulilipia. Dereva asiye na leseni halali, hivyo hivyo.

Basi kabla ya kuwasha gari, omba hati ya bima uisome. Kama imeandikwa binafsi, mwenye gari aibadilishe iwe ya biashara. Ada itapanda kweli, ila ni nafuu kuliko kumaliza chuo ukidaiwa gari na mjomba.