Mwongozo kwa mwalimu anayesimamia utafiti wa mwanafunzi kuhusu mitandao ya kijamii

Mwongozo huu ni wa walimu wa sekondari wa Mbinga na Nyasa wanaosimamia wanafunzi wanaofanya utafiti wao wenyewe, uwe wa klabu ya shule au wa kupelekwa kwenye maonesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanza mwaka 2012 na ambayo hupokea pia kazi za sayansi ya jamii.

Swali

Mwanafunzi akikuletea "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana wa Tanzania", mrudishe. Hana nauli ya kuizunguka Tanzania, na hitimisho lake linajulikana kabla hajaanza: mitandao inapoteza muda, inaharibu maadili, ila pia inaelimisha. Mbane mpaka swali lipate watu, mahali na jambo linalohesabika. Wa Liuli anaweza kuuliza kama wachuuzi wa dagaa huulizia bei ya Mbinga mjini kwa WhatsApp kabla ya kununua ufukweni, na mchuuzi mwenye kitochi (simu isiyo janja) hununua kwa bei gani asubuhi hiyohiyo. Wa milimani anaweza kuuliza wakulima wa chama kimoja cha msingi cha ushirika walipata wapi kwanza taarifa ya bei ya kahawa: kwenye kundi la WhatsApp, redioni au kwenye ubao wa chama. Wa mjini achunguze wanafunzi wa kutwa wa kidato cha tatu hulala saa ngapi siku wanazoshika simu na siku wasizoshika.

Kukusanya taarifa

Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Basi dodoso likigawiwa na mwalimu wa nidhamu litarudi na majibu ya watoto watakatifu. Kubalianeni kwanza na mkuu wa shule, kwa maandishi, kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa jibu lake. Kisha mtafiti mwenyewe agawe karatasi zisizo na majina na zirudishwe ndani ya sanduku lililofungwa. Maswali yawe ya Kiswahili. Kwa wazee, mwanafunzi anayejua Kimatengo au Kinyasa aulize kwa lugha hiyo na aandike jibu papo hapo. Ripoti ikitakiwa kwa Kiingereza, itafsiriwe mwishoni.

Usikubali swali la "hutumia saa ngapi mtandaoni?" peke yake. Watu hukisia vibaya. Simu janja nyingi huhifadhi hesabu ya muda kwenye mipangilio, na mwenye simu anaweza kuisoma mwenyewe bila kumkabidhi mtoto simu yake. Ambaye simu yake haina hesabu hiyo aandike kwenye daftari kila jioni kwa siku 7, pamoja na bando alilonunua. Bando husema ukweli ambao kumbukumbu huuficha.

Kwa utafiti wa wavuvi wa Ziwa Nyasa, ratiba ifuate mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Asubuhi yake wavuvi wanashusha, wanauza, kisha wanalala. Mtoto atakayefika na dodoso saa hizo atafukuzwa, na kwa haki. Aende kipindi cha mbalamwezi, wanaposhona nyavu, akiwa amejitambulisha kwa mtendaji wa kijiji na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni.

Faragha

Ujumbe wa kundi la WhatsApp si mali ya mtafiti hata kama naye yumo kundini. Asipige picha ya skrini, asinakili majina wala namba. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mhojiwa aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria: pata ridhaa ya mzazi na yake mwenyewe. Mtoto akieleza kwamba anatishiwa au anaombwa picha za utupu, mahojiano yakome hapo. Jambo hilo ni lako, mwalimu, si la mwanafunzi mwenzake: namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure, na maafisa ustawi wa jamii wa wilaya wapo.

Kuandika matokeo

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Mwanafunzi ataona wenye simu janja wana alama za juu, ataandika kwamba mtandao umewafaulisha. Muulize simu ilinunuliwa kwa fedha gani. Kama ni za kahawa, huenda nyumba hiyohiyo ina taa ya sola, vitabu, na mzazi asiyehitaji mtoto akalime ngoro (mashimo ya kilimo cha Wamatengo) Jumamosi nzima. Alinganishe watoto wa nyumba zinazokaribiana kwa uwezo. Akishindwa, aandike kwamba mambo hayo mawili yameonekana pamoja, basi. Na aandike "watu 9 kati ya 24". Asilimia zenye desimali kwa watu 24 ni mapambo tu.

Usimwandikie ripoti. Majaji wa maonesho humuuliza yeye, wala hawachukui dakika mbili kumtambua mtoto aliyeandikiwa, iwe na mwalimu au na programu ya akili mnemba.

Nakala moja ya matokeo, ukurasa mmoja wa Kiswahili, ipelekwe kwenye chama cha msingi au BMU iliyohojiwa kabla ya kwenda kwenye maonesho. Wakisema takwimu za bei si sahihi, mwanafunzi arudi kuzihakiki. Karatasi za dodoso zikae kwenye kabati lako lenye kufuli mpaka maonesho yapite, kisha zichomwe.