Usifute! Piga skrinishoti kwanza

Safari hii tunakaa mbele ya kompyuta. Utauliza, kompyuta na afya wapi na wapi?

Tuseme kuna msichana wa kidato cha tatu hapa Mnazi. Kila usiku mtu mwenye jina la uongo anamwandikia Facebook: usiponitumia picha zako, nitakutangaza shule nzima. Usingizi hauji, chakula hakipiti, darasani upo mwili tu. Wengi wetu tungefuta ujumbe huo kwa hasira au aibu. Lakini ukifuta unabaki mikono mitupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua mtu. Sasa polisi wataonaje kilichoandikwa? Hapo ndipo skrinishoti inapoingia, yaani picha ya kile kilichopo kwenye kioo cha kompyuta.

Kama kompyuta ina Windows 10 au 11, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na kile cha PrtSc. Kioo kinafifia kidogo, na picha imeshaingia kwenye folda ya Pictures, ndani ya Screenshots. Laptopu nyingine zinataka ushikilie na Fn. Ukitaka kipande tu, bonyeza Windows, Shift na S, halafu buruta mausi. Kipande kinafaa kwa kazi za shule. Kwa ushahidi piga kioo chote, maana matusi peke yake hayatoshi. Jina la akaunti lionekane, anwani ya ukurasa kule juu, tarehe na saa, pamoja na ujumbe uliotangulia. Ukurasa ukiandika "jana" tu, weka mshale wa mausi juu ya neno hilo. Mara nyingi tarehe kamili hutokea. Chungulia na saa ya kompyuta yenyewe pale chini kulia, kwani mashine ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huweza kuonyesha mwaka wa ajabu!

Mazungumzo yakiwa marefu piga picha kadhaa, kila moja ianze na mstari wa mwisho wa ile iliyopita.

Kabla hujaweka alama yoyote, tengeneza nakala. Picha ya kwanza usiiguse kabisa. Nakala ifungue kwa Paint, zungushia maneno ya vitisho boksi jekundu, weka namba, na uandike kwa kifupi: "Ujumbe wa 3, Jumanne, saa 3 usiku." Usiandike "mshenzi huyu", hata kama ndivyo alivyo.

Jina la rafiki asiyehusika lifunike kwa boksi jeusi lililojaa. Rangi ya kupitisha juu juu huwa inasomeka kwa chini. Na kukata picha? Machi 2023 iligundulika kwamba programu ya Windows ya skrinishoti, ukikata picha na kuihifadhi juu ya faili ileile, ilikuwa inaacha sehemu iliyokatwa ndani ya faili, na mjuzi angeweza kuirudisha. Microsoft walirekebisha mwezi huohuo, ila mashine isiyosasishwa bado ina tatizo. Hifadhi kwa jina jipya.

Jambo moja zito: kama aliyetumwa ni picha ya uchi ya mtu aliye chini ya miaka 18, usiipige skrinishoti wala kumpelekea yeyote, hata kwa nia njema. Kuisambaza ni kosa. Piga jina la akaunti na maneno ya vitisho tu, kisha mwite mtu mzima.

Kompyuta ikiwa ya shule, hamishia picha kwenye flashi yako, futa zilizobaki mpaka kwenye Recycle Bin, toka kwenye akaunti. Halafu ndiyo umzuie huyo mtu asikuandikie tena.

Flashi hiyo mpelekee mzazi, mwalimu wa ushauri nasaha, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ukiona aibu kuanza nao, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.