Usingizi, kitabu na mashoga

*Daktari, nina duka Puge, kando ya barabara ya Nzega–Tabora. Usiku najisomea mtihani wa maarifa (QT) hadi saa nane, na alfajiri nafungua duka. Nilichosoma hakikai kichwani, na mashoga zangu nimewaacha. Je, akili yangu imechoka?*
*Mama Duka, Puge*

Mama, akili yako nzima; usingizi ndio haba. Ukilala, ubongo huimarisha ulichosoma, kwa hiyo ukikesha unaunyima nafasi hiyo. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7.

Kupumzika si uvivu: wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda Bagamoyo na mizigo walitembea tangu alfajiri, jua likikaza wakapiga kambi. Hawakuitwa wavivu! Wala mashoga usiwaache; hata utani wa makabila ulistawi kwenye njia hizo: ugenini, mtani alikulisha na kukuzika.

Lala saa nne usiku. Soma dakika 30 mchana wateja wakipungua, kisha funga daftari ujiulize ulichokumbuka. Hilo linazidi kurudiarudia ukurasa. Chai ya rangi iishe alasiri. Shoga mmoja umwite dukani akuulize maswali huku mkichambua mchele. Atacheka ukikosea, na hapo ndipo jibu litakapoganda.

Lakini usingizi ukigoma zaidi ya wiki mbili, au ukikosa hamu ya kila kitu, nenda kituo cha afya; wanaweza kukupa rufaa ya Hospitali ya Kitete, Tabora. Ukiwaza kujidhuru, nenda leo hii, usiende peke yako.